Shemeji Fundi na Vali ya Ng'ombe

Jirani yetu muuza mkaa alisimama mlangoni kwangu na kuniambia, kwa sauti ya msiba, kwamba shemeji yangu fundi cherehani kabadilishiwa moyo. Kawekewa wa ng'ombe, na eti madaktari wameupitishia pajani. Nilikuwa nanyonyesha. Nikacheka mpaka mwanangu akaachia ziwa kunitazama.

Moyo ni wake uleule. Alizaliwa nao una kasoro, akapasuliwa kifua alipokuwa darasa la kwanza, akawekewa vali, kilango cha kuzuia damu isirudi nyuma, akapona. Kovu akalificha kwa kola za juu, na kliniki akaitoroka. Kaka yake, yaani mume wangu, akimkumbusha, anajibiwa kwamba kitu kikishashonwa kimeshonwa. Mwaka huu akawa akikanyaga cherehani kidogo tu anatweta, anasingizia joto. Miguu ikamvimba, akasema viatu vimesinyaa.

Siku moja nikampelekea sare ya binti yangu wa darasa la kwanza aishushe upindo. Akaanza utani wake, kwamba nimezaa twiga nikaficha. Nikamwuliza, "Na wewe shemeji, ulishonwa ukiwa wa umri huuhuu. Upindo walikuachia wapi?"

Yeye ambaye hutania hata akiwa na pini mdomoni, akaiweka sare chini na kuishika kola yake. Kesho yake akaenda hospitali.

Daktari akamweleza kwamba vali ile ya utotoni imembana na imechoka, damu inarudi nyuma, na moyo umetanuka kwa kufanya kazi mara mbili. Safari hii hawakumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakaachia humo vali mpya iliyotengenezwa kwa mshipa wa ng'ombe. Hapo ndipo jirani alipompata ng'ombe wake.

Nilimkuta wodini kalala chali, mguu kanyoosha, kakatazwa kuukunja. Hata salamu hakuimaliza, akaanza kuisema shuka ya hospitali kwamba mshono wake umekwenda upande. Aliisema kwa pumzi moja, bila kutweta. Kisha utani ukamwishia. Daktari kamwambia hii vali nayo itachoka siku moja, kwa hiyo kliniki ni ya maisha.

"Shemeji, mimi najijua," akasema. "Nikipata nafuu nitatoroka tena. Tarehe ya kliniki ikikaribia, njoo dukani uchomoe mkanda wa cherehani, uondoke nao. Hata nikikutukana, usinirudishie mpaka nitoke kwa daktari."