Karamu ya Benedict Kabla ya Barafu

Jenereta ya kijiji ilizimika Jumatatu, na kufikia Alhamisi nyama ya Poldine ilikuwa imeanza kulainika pembeni.

Haikuwa nyama ya kula tu. Ilikuwa ya musi mzima, yule mnyama mrefu wa pembe pana. Mpwa wa Poldine ndiye aliyempiga risasi, wakamkatakata wakajaza friza kwa ajili ya karamu ya kumuaga Benedict, marehemu mume wa Poldine. Kwetu huku mtoni kuzika hakutoshi. Familia hukusanya vitu mwaka mzima na zaidi, kisha hulisha watu na kuwapa zawadi, ndipo marehemu huenda zake ametulia. Poldine alikuwa amepanga Februari, mto ukiwa umeganda, ili watu wa kijiji cha chini, alikozaliwa Benedict, waje kwa pikipiki za theluji.

Kipuri cha jenereta kilikuwa kwenye ndege, na ndege ilikuwa mjini ikingoja ukungu uondoke. Mvua haikukatika. Nyama haikuweza kuanikwa, na banda la moshi lilijaa samaki hadi mlangoni.

Altona, dada wa Benedict, alimkuta Poldine ameinua mfuniko wa friza.

"Wifi, umefungua tena?"

"Nimechungulia tu."

"Unachungulia tangu jana. Hata mimi ningeyeyuka ukinitazama hivyo."

Poldine hakucheka. "Mwaka mzima, Altona. Nikimuaga kaka yako kwa nyama iliyooza, ndugu zake watanionaje?"

"Basi muage sasa, kabla haijaoza."

"Sasa? Bila wageni?"

"Mto bado ni maji. Watu wana boti."

"Na petroli wameiweka ya kuwindia. Nani aimalize kwa ajili yangu?"

"Waulize. Kama ni kukataa, wakatae wenyewe, usiwakatalie wewe."

Poldine alifunga friza. Alikwenda nyumbani kwa Altona, kwenye redio ya betri tunayoitana nayo kijiji kwa kijiji, akashika kipaza sauti.

"Karamu ya Benedict ni Jumamosi," alisema. "Nyama haingoji. Mwenye petroli aje."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mwanamume wa kijiji cha chini ikauliza, "Imeshaharibika?"

"Bado."

"Basi injika sufuria, mama. Tunakuja kabla hujageuza maneno."

Zilikuja boti tatu, watu wameloa hadi mifupani. Mzee aliyetarajiwa kuongoza wimbo wa Benedict hakuja. Magoti yalimkatalia safari. Altona akaongoza badala yake, akasahau ubeti wa katikati, akarudia wa kwanza kwa sauti kubwa zaidi, nasi tukamfuata. Nyama iliyokuwa na harufu walipewa mbwa. Iliyobaki wanaume waliichemsha nje, chini ya turubai, na sahani ya kwanza, yenye ulimi na mafuta, ilitiwa motoni iwe ya Benedict.

Zikaja zawadi, ndani ya ukumbi wa kijiji. Wachimba kaburi hutangulia, na hawa, wakati wa mazishi, walikuwa wamewasha kuni siku nzima kulainisha ardhi iliyoganda kabla ya kuichimba. Kila mmoja alipokea glavu za manyoya, kazi ya mikono ya Poldine, mpaka ikafika zamu ya Clyde, wa mwisho. Akapewa moja.

Clyde aliigeuzageuza. "Mama, na mkono mwingine?"

"Utie mfukoni mpaka nimalize kushona."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Clyde aliivaa palepale, akaenda kuwaonyesha wageni, mkono juu kama bingwa wa ngumi.

Poldine alikuwa hajaonja kitu tangu asubuhi. Sasa alichukua sahani, akaketi kando ya wifi yake, akatafuna taratibu.

"Haina chumvi," alisema.

"Kaka hakuwa mtu wa chumvi."

"Alikuwa," Poldine alisema, akinyoosha mkono kuifuata chumvi. "Kwako alikuwa anaona haya kuomba."