Ndevu za Mbuzi

Lukumani wa Sumaili alikuwa mshona kanzu wa Kasongo. Alifundisha Kurani barazani kwake, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusikia hoja mbovu akanyamaza. Hoja ya namna hiyo aliiita safsata. Neno alilipata kwa shehe mmoja wa Ujiji, aliyemweleza kwamba Waarabu waliliazima kwa Wayunani, na huko kwa Wayunani lilizaliwa katika jina la hekima. Waliokuwa wakiuza hekima walizidisha maneno, jina likawaharibikia mikononi. Kwa Lukumani, fundi cherehani, safsata ilikuwa uongo uliovalishwa kanzu ya hekima.

Kila Alhamisi, misahafu ikishafungwa, aliwatega wanafunzi. "Kila mbuzi dume iko na ndevu. Mualimu iko na ndevu. Basi Mualimu ni mbuzi. Shimo iko wapi?"

Watoto walicheka hadi machozi, halafu wakalitafuta shimo: wenye ndevu ni wengi, wala si mbuzi peke yao.

Mwaka mmoja mashamba kadhaa ya pamba ya serikali, upande wa Lusangi, yaliachiwa nyasi, wakulima wake wamegoma. Bwana mmoja Mzungu wa ofisi ya serikali akamwita Lukumani. Karani Célestin, aliyesoma kwa mapadri, alifasiri: waliogoma ni Waislamu, wanafunzi wako ni Waislamu, basi wewe ndiye uliyefundisha kugoma. Chuo chako cha Kurani kifungwe, mwalimu ahamishiwe Kabambare.

Lukumani, tuseme kweli, alifurahi. Aliingia akiogopa mashahidi wa kununuliwa, kumbe ni ndevu za mbuzi!

"Mwambie ile ni safsata."

Célestin alisita. Neno alilijua, mapadri waliliita sofisme, nao walilitoa kwa Wayunani hao hao. "Mualimu, hii neno itatuchoma sisi wawili."

"Basi mupatie ile ya mbuzi. Mbuzi ni mimi, hapana yeye."

Tahadhari hiyo ilihitajika, maana bwana mwenyewe alikuwa na ndevu nyekundu hadi kifuani. Célestin akafasiri huku kidole chake hakibanduki kwenye kidevu cha Lukumani. Bwana akacheka sana. Akazipapasa ndevu zake, akakiri kwamba hoja yake haikusimama na kwamba mzee huyu ana akili. Kisha akatia sahihi amri ile ile ya kumhamisha, karatasi akampa askari.

Lukumani na mkewe Amisa walitembea siku sita. Njia nzima mzee alitafuna maneno yale yale, na walipofika kwenye kibanda walichopewa yakamtoka.

"Hukumu ilisimama juu ya hoja. Hoja nimeivunja, mwenyewe amekubali. Basi hukumu ilipaswa kuanguka. Sasa mbona niko huku?"

Amisa alikuwa akipuliza moto. "Baba Fatuma, nani alikuambia ile hukumu ilisimama juu ya hoja? Ilisimama juu ya askari."

Lukumani akakaa chini. Miaka ishirini alikuwa amewaonyesha watoto wa watu mashimo, na hili la kwake hakuliona. Lilimuuma kuliko safari.

Aliishi Kabambare miaka kumi na mmoja, akishona. Chuo hakukifungua tena. Majirani wenye kesi walimletea hoja zao awapimie, naye alisikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza. Kisha aliuliza swali moja tu: yule mwenye kukata hukumu iko na askari wangapi?