Masikio yangu yalivyonifanya mtu wa maombi kwa wakwe Rusinga

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi huwa napita tu humu nikisoma nyuzi za wenzangu na kucheka. Leo ni zamu yenu kunicheka. Yote haya yalinitokea mimi mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha, maana shemeji zangu nao wamo humu.

Kazi yangu ni krasha, pale Masara, Migori. Kwa wasiojua, krasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Unasimama kando yake kutwa nzima, na ukitaka kumwambia mwenzako kitu unatumia mikono.

Sikuwahi kuziba masikio. Wachache waliokuwa wanaziba tuliwaita mabibi harusi.

Basi masikio yakaanza kulia. Chiiiii. Mashine imezimwa, niko nyumbani, chiiiii. Niko kanisani, chiiiii.

Kuna watu huku kwetu wanaamini sikio likilia ujue kuna mtu anakusema. Langu lilikuwa halipumziki, kwa hivyo niliona Migori nzima imeacha kazi ili inijadili mimi. Kuna jirani nilimnunia bure kabisa.

Mwisho nikajitafutia dawa: redio. Redio ikiwa juu, ile chiii inajificha. Nikila redio, nikilala redio. Matangazo ya vifo, mahubiri, bei ya mahindi, sikuwa nachagua.

Mke wangu, mama Achieng, alivumilia mpaka akachoka. Siku moja alikuwa ananieleza shida ya mtoto shuleni, nikamwambia apaze sauti kidogo. Akaizima redio. Nikaiwasha. Wakuu, mkono ulienda wenyewe.

Hakunigombeza. Alifunga nguo zake, akamchukua Achieng, akaniambia mlangoni, "Baba Achieng, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na mtangazaji. Siku utaweza kukaa kwa nyumba redio imezimwa, kuja unichukue."

Akaenda kwao Rusinga.

Nikabaki na redio na chiii yangu. Sitawaficha, nililia. Niliwakosa watu wangu mpaka chakula kikakosa ladha.

Ndipo nikaenda hospitali moja hapa Migori. Wakaangalia masikio, wakanipima ninavyosikia, daktari akasema kelele za krasha zimeyaharibu. Hali yenyewe inaitwa tinnitus, na hakuna kidonge cha kuifuta ile sauti. Nikaona nimeisha. Lakini akasema kuna kikundi cha therapy, mindfulness, yaani mazoezi ya kutuliza akili, kinakutana kila Jumatano, na kimesaidia watu kuishi nayo.

Nilijua ni yale mambo ya kukunja miguu kama kwa TV. Kumbe ni viti vya plastiki tu na dada mmoja mpole, Daktari Kerubo.

Siku ya kwanza iligeuka mashindano. Mwalimu mmoja mstaafu alisema yeye anasikia nyenje. Dereva wa trekta la miwa kutoka Awendo akasema nyenje ni nini, yeye anasikia breki. Mimi nikatetea chiii yangu kwa nguvu zote. Kila mtu alitaka ya kwake iwe ndiyo mbaya zaidi. Sijui tulidhani kuna zawadi.

Daktari akatutuliza. "Tutafunga macho. Kila mtu afuate pumzi yake ikiingia na ikitoka. Ile sauti ikikuja, usiifukuze na usibishane nayo. Iache iwepo, urudi kwa pumzi."

Dereva akainua mkono. "Daktari, nimelipa nauli kutoka Awendo ndio nifundishwe kupumua?"

Nilimuunga mkono kimoyomoyo. Na kwa kuwa mimi ni mjanja, Jumatano iliyofuata nilikuja na ile kofia ya sufi, mavin, na chini yake earphone moja isiyo na waya. Wenzangu wamefunga macho wanafuata pumzi, mimi nafuata mechi.

Chumba kimya kabisa. Ghafla nikajisikia nikisema kwa sauti, "Hiyo ni ofsaidi."

Macho yote yakafunguka. Mwalimu mstaafu aliniangalia kama mtoto wa darasa la pili.

Daktari Kerubo wala hakukasirika. Aliniuliza, "Muda wote huo wa mechi, chiii ilikuwa wapi?" Nikafikiria. Nikamwambia ilikuwepo, ila sikuwa na habari nayo. Akasema, "Basi unaweza. Sasa jaribu bila mechi."

Hapo nilianza kufanya kweli. Ni ngumu, wakuu. Pumzi chache tu nilikuwa nimechoka, chiii inanizomea. Lakini wiki zilivyokwenda nikaanza kuizoea, na nilikuwa namsimulia mama Achieng kwa simu. Siku moja akasema, "Haya, kuja Sabato tuone."

Angalieni ujanja wa huyo mwanamke. Kwao ni Waadventista, baba yake ni mzee wa kanisa. Siku ya Sabato nyumba ile haina redio, haina TV, haina hata mtu wa kupiga mluzi.

Nikaenda na mavin yangu. Na ile earphone, kwa usalama.

Nilisahau kwamba huwezi kuingia kwa wakwe na kofia kichwani. Niliivua mlangoni, earphone ikabaki wazi sikioni, na mama Achieng ndiye alikuwa amesimama hapo. Akanyoosha kiganja kama mwalimu anayedai chingamu. Nikampa.

Sebuleni tulikuwa watatu: mzee, ndugu yake, na mimi. Mama mkwe alikuwa jikoni, kwa heshima zetu hawezi kula na mkwe. Kuku na ugali vikaletwa, vikafunikwa mezani. Mzee si mtu wa maneno mengi. Kimya kikatanda.

Na chiii ikapanda. Ilipanda kuliko siku zote. Jasho likanitoka. Nilifikiria kusingizia choo, nikajua nikitoka pale nitarudi Migori peke yangu.

Nikaweka mikono magotini. Nikafunga macho. Pumzi ndani, pumzi nje. Chiii ikaja, nikaiacha ije. Nikarudi kwa pumzi. Sijui nilikaa muda gani, lakini kuna mahali nilianza kusikia vitu vingine: kuku wa nje, Achieng akicheka nyuma ya nyumba. Sauti ya mtoto wangu niliisikia vizuri kabisa.

Nikafungua macho.

Nyumba nzima imeinamisha vichwa. Mzee ameinama, watoto mlangoni wameinama. Ndugu yake mzee amefunga jicho moja, la pili liko kwa kuku. Walikuwa wananingoja mimi nimalize.

Wakuu, ningesema nini? Nikasema, "Amina."

"Amina," wakaitikia wote.

Mzee akanishika bega (alisema kwa Dholuo, nawatafsiria), "Vijana wa siku hizi wanamfokea Mungu. Huyu wetu anaongea naye polepole." Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Najua nani alikiangusha.

Baadaye mama Achieng alinipata nje, macho bado yana machozi ya kicheko.

"Ulikuwa unaomba?"

"Hapana."

"Hiyo kitu ilikuwa inalia?"

"Kushinda krasha."

Akaacha kucheka. "Na ulikaa nasi tu."

"Nilikaa."

Akaingia ndani kufunga nguo za mtoto.

Nilichojifunza: chiii bado iko, hata sasa nikiandika inalia. Mindfulness haikuiondoa, iliniondolea vita nayo. Kama masikio yako yanalia, nenda upimwe kwanza, usianze kununia majirani. Na ndugu zangu wa krasha, zibeni masikio. Mimi siku hizi ndiye bibi harusi mkuu pale Masara, na sijali.

Karibuni mchangie, hasa wenye hali kama yangu.

Pia naomba ushauri. Tangu siku ile, kila shughuli Rusinga mzee ananipa mimi nibariki chakula. Harusi ya shemeji yangu inakuja na tayari ameshawatangazia wageni. Nimwambie ukweli, ama niendelee tu kupumua?