Wapangaji wa Bafuni

Katika bafu la nyumba yetu ya kampuni, pale Dilala, mjini Kolwezi, iliishi familia ya wadudu wenye miguu mirefu kama nyuzi na mwili usiozidi punje ya mtama. Si buibui hao. Hawafumi utando wala hawaumi. Kazi yao ilikuwa kujazana ukutani juu ya bomba, na maji yakiwarukia, wote kwa pamoja wanainama na kuinuka, wanainama na kuinuka. Mama aliwachukia. Jumamosi anawafukuza kwa ufagio, Jumapili wamerudi. Baba aliwaita balokateri, wapangaji wasiojua kuhama.

Kisha wenyeji wa mkoa wakaanza kutufukuza sisi. Baba alizaliwa Kolwezi, nami pia, lakini babu alitoka Kasai, mkoa mwingine, na hilo lilitosha: eti turudi kwetu, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaona.

Asubuhi moja mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja kuikagua nyumba, nasi bado tumo. Akapima madirisha yetu kwa mikono, kwa ajili ya mapazia yake! Nilitamani kumng'ata. Mama yangu, mtu wa adabu mpaka anakera, akamtembeza hadi bafuni. Mgeni akafungua bomba.

Tukasikia ukelele. Akatoka mbio, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mama yangu! Beko na buloji hawa! Bile bidudu binacheza ngoma!"

Baba hakuiacha nafasi hiyo. Akakunja uso kama katekista. "Ni bankambo betu, mama. Banakusalimia tu."

Hivyo ndivyo mababu zetu walivyohamia bafuni. Uvumi wa uchawi ukaenea, na kwa wiki mbili hakuna aliyethubutu kuigusa nyumba. Tulioga kwa heshima, tukiomba radhi kabla ya kufungua maji. Mimi niliamini kabisa kwamba tumepona.

Wiki ya tatu wakaja vijana wenye marungu, ambao hawakuwa na haja ya kuoga. Tulipewa nusu saa.

Mama akaitumia kufagia. Alifagia vyumba vyote na jikoni, maana hakutaka kusemwa. Nikamfuata hadi bafuni. Hapo alisimama, akaushusha ufagio.

"Nyinyi mubakie," aliwaambia. "Hakuna mutu atauliza muko batu ba wapi."

Akawanyunyizia maji kidogo. Wakainama, wakainuka. Nililia mpaka stesheni ya treni.