Kufuli Lilibaki Limefungwa

Tranka la bati lililofungwa wiki nzima kwenye joto lina harufu yake, na hadi leo nikiisikia natafuta dirisha. Ni harufu ya kutu, ya sabuni ya mche, ya michembe ya viazi aliyoikausha mama juu ya mawe nyumbani kwetu Ngulyati, na chini ya hivyo vyote ni harufu ya vitambaa vibichi visivyowahi kuona jua. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nipo kidato cha pili katika shule moja ya bweni wilayani Bariadi. Kamba ya kuanikia nguo za wasichana ilifungwa mbele kabisa ya madarasa ya wavulana, na aliyechagua mahali pale sijui alikuwa anafikiri kwa kutumia nini. Wasichana wenye ujasiri walianika vitambaa vyao vya hedhi wakavifunika na kanga. Sisi waoga tulivikamua, tukavifungia ndani ya matranka vikiwa na maji yake, navyo vikavunda humo. Kila mwezi nilivaa uvundo wangu mwenyewe nikaenda nao darasani, nikaketi karibu na dirisha na kuomba Mungu asitokee mtu wa kulifunga.

Mama alijua. Sikumwambia kwa maneno, lakini likizo ile alifungua tranka langu, akanusa, akalifunika taratibu bila kuuliza. Pamba yetu ilikuwa imeuzwa na pesa ilikuwepo, kwa hiyo siku ya kurudi shule tulipitia Bariadi mjini kwenye duka la vifaa la Mzee Salum, mtu mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Mama alimwambia anataka kufuli lisilofunguliwa na mtu mwingine. Mzee Salum akatoa kutoka chini ya meza kufuli zito la shaba, akalipuliza vumbi kama vile anafufua mgonjwa. "Hili, mama, hata aliyelitengeneza akipoteza ufunguo analala nje," alisema. Mama aliligeuzageuza, akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Tulipotoka nje alinivalisha ufunguo shingoni kwa uzi. "Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "mambo yako sasa yatakuwa yako."

Msomaji ambaye hakukaa bweni ajue kwamba makufuli ya pale yalikuwa mapambo tu. Ufunguo mmoja ulifungua matranka matano, na mengine uliyagonga kwa kisigino cha kiatu yakaachia yenyewe. Fundi wetu mkuu alikuwa Kwandu, msichana wa Nkoma aliyelala kitanda cha juu yangu. Aliyepoteza ufunguo alimwita Kwandu, naye alikuja na sindano ya bikari na pini ya nywele aliyoikunja, akaweka sikio karibu, na kabla hujamaliza kumweleza alikuwa ameshafungua. Hakuwa mwizi. Alipenda tu kuushinda ubishi wa vyuma. Kufuli langu lilimsumbua roho. Jumamosi nzima alikaa chini mbele yake amekunja miguu, akilikuna ndani, akilisikiliza, akilitukana kwa Kisukuma, mpaka ikapigwa kengele ya chakula. "Limenishinda, Minza," alisema akifuta jasho. "Humo ndani kuna nini, almasi?" Nilicheka, na usiku ule nilipata usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata muhula mzima.

Kisha redio ya matroni ikapotea. Ilikuwa mchana, tumetoka darasani, tukaamriwa tusimame kila mtu kwenye tranka lake. Aliingia matroni, na nyuma yake mwalimu wa nidhamu, mwanamume mwenye watoto wa rika letu, akiwa na fimbo kwapani. Alikuwa na tabia ya kushika nguo za watu kwa ncha mbili za vidole, huku amekunja pua, lakini alizishika zote, hakuacha hata moja. Alifika kwangu akaniambia nifungue. Nilimwomba nimfungulie matroni peke yake, tukiwa wawili. Niliomba kwa adabu, mikono nyuma. Nimelirudia ombi lile kichwani miaka yote hii nikitafuta ubaya wake na sijauona. Matroni aliangalia ukuta. Mwalimu akatabasamu, akawageukia wenzangu. "Mmeona? Asiye na kosa anaogopa nini?" Nilisema ufunguo umepotea, na ulikuwa umening'inia chini ya shati langu, unanichoma kifuani.

Alimwita Kwandu. Sifa zake zilikuwa zimeshafika ofisini. Kwandu alipiga magoti, akaingiza sindano na pini yake, akainamisha kichwa. Bweni zima tulisikia vyuma vinavyokwaruzana. Alikaa pale muda mrefu. Mara moja aliinua macho akaniangalia, akarudi kwenye kazi yake, halafu akasimama na kujifuta magoti. "Limenigomea, mwalimu." Akapigwa viboko vinne mkononi kwa kugomewa na kufuli, na mimi nikalishukuru kimoyomoyo kufuli langu la shaba na Mzee Salum na maneno yake yote.

Nilikuwa mjinga. Mwalimu alimtuma mtu alete bisibisi, akaligeuza tranka, na nyuma, pale bati lilipoungwa kwa bawaba mbili nyepesi ambazo hakuna aliyewahi kuzifikiria, akachokonoa mara tatu. Mfuniko uliachia. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, limeshika komeo lake kwa uaminifu, huku tranka limefunguka upande wa pili. Akakung'uta kila kitu sakafuni: madaftari, michembe, soksi, na vitambaa vyangu, vingine vikiwa bado na madoa, vimekunjamana na kuota ukungu. Harufu ikapanda. Alivisogeza kwa ncha ya kiatu chake kimoja baada ya kingine, kutafuta redio ambayo isingeweza kuenea kwenye kitambaa kile, akasema, "Wasichana wachafu nyie," akaondoka. Baadhi ya wenzangu walicheka. Kesho yake redio ikapatikana kwa fundi mjini, alikoipeleka mume wa matroni kuwekewa betri mpya. Hakuna aliyekuja kusema pole.

Sijawahi kuona kinyaa kwa damu. Mwili wangu haukunikosea kitu. Kinyaa changu, kile kinachonifanya niteme mate hata ninapoandika haya, ni cha kiatu kile kilichopanguswa vumbi baadaye mlangoni, na cha mwanamke mzima aliyekuwa akiangalia ukuta.

Jioni ile nilikuwa bombani nafua kila kitu upya, nalia kwa hasira, Kwandu akaja na kiganja chake kilichovimba akaanza kunisaidia kukamua. Nilimwambia angalau kufuli halikuniangusha. "Lilifunguka, Minza," alisema. "Nilisikia limeachia kabisa, nikalibana tena." Nilimuuliza kama alijua kilichomo. "Sikujua. Nilidhani redio unayo wewe." Alisema hivyo kama anayesema ugali umeiva, akaendelea kukamua.

Siku hizi mpwa wangu hunionyesha kwenye simu watu wanaofungua makufuli kwa kujifurahisha, makufuli ya bei mbaya yanayosifiwa kwamba hayaguswi, na maelfu ya watazamaji wanawapigia makofi. Ananiuliza, "Shangazi, kweli hakuna hata moja lisilofunguka?" Namjibu kwamba hakuna. Lipo linalomchosha mtu, basi. Lililowahi kunilinda mimi ni kiganja cha msichana aliyenidhania mwizi, na hicho hakiuzwi dukani.

Nina binti sasa, Holo, ana umri uleule. Wiki iliyopita alirudi kutoka dukani akaweka pakiti ya pedi mezani, katikati ya mkate na chupa ya chai, baba yake akiwa amekaa hapo hapo. Baba yake aliisogeza apate kufikia sukari, akaendelea na habari zake za mvua. Mimi ndiye niliyeinuka. Sikufikiri. Nilichukua kitambaa cha mezani nikaifunika, haraka, kama mtu anayeficha maiti, na nikajisikia nimekunja pua. Holo alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akakiondoa.

"Mama," aliniuliza, "kwani zimeiba?"