Krismasi Tuliyoimbia Zizini

Samadi kavu ikifagiliwa inatoa harufu ambayo watu wengi wanaizibia pua. Mimi ninaivuta. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya Krismasi, na asiyeipenda akae ndani.

Nilikuwa na miaka minane shida ilipoingia kwetu. Baba alifariki, mvua zikakataa, ng'ombe wakaisha mmoja mmoja mpaka zizi likabaki miti na mavi makavu. Kaka yake baba, baba mkubwa wetu, akatuma neno kutoka Kibakwe kwamba siku ya Krismasi anakuja kunichukua nikamlelee watoto wake. Eti mama apunguziwe mdomo mmoja wa kulisha. Sikulia. Niliambiwa kule kuna wali.

Asubuhi ya sikukuu nikamngoja mama anifungie nguo zangu. Badala yake akanipa ufagio nikafagie zizi. Kanisani hatukwenda, nikashangaa sana. Mdogo wangu Yohana, mtoto wa miaka minne, akabebeshwa majani makavu.

"Mama, haya ya nani? Ng'ombe si wamekufa?"

"Ya Mtoto aliyezaliwa. Tandika vizuri, usitandike kama unamtandikia mbwa."

Tukasimama watatu katikati ya zizi tupu. Mama akatusimulia habari za Mariamu kana kwamba ni jirani aliyejifungua jana, kisha akaanza kuimba. Jamani, mama yangu alikuwa na sauti ya kuwarudisha mbuzi kutoka mlimani! Nikaona aibu. Watu waliokuwa wanatoka kanisani wakageuza njia, wakaja kuona kulikoni. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yetu Mama Hadija, Mrangi, Mwislamu, na bakuli la unga wa uwele.

"Nyimbo zenu sizijui," akasema, "ila njaa naijua."

Akakaa. Mwingine akaleta mboga ya mlenda, mwingine karanga. Ugali ukasongwa palepale.

Ndipo baba mkubwa akatokea, kofia kichwani, anakokota baiskeli.

"Shemeji, mnayaimbia mavi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Yusufu alijihifadhi kwenye zizi la watu, shemeji. Mimi hili ni langu. Vua kofia."

Akavua. Akanawa, akala, kisha akauliza mzigo wangu uko wapi.

"Binti yangu si mboga, hagawiwi," mama akasema, akawageukia watu. "Au kuna mtu hapa wa kumwambia mtoto aondoke kwao siku ya leo?"

Mama Hadija akamsogezea bakuli baba mkubwa. "Ongeza mlenda, baba, Kibakwe ni mbali."

Akaondoka peke yake. Mimi nikanuna wiki nzima kwa ajili ya ule wali.

Nilikuja kuelewa nikiwa na mimba ya kwanza. Mama akaniambia, "Kanisani ningekwenda, baba yako mkubwa angenikuta nyumbani jioni niko peke yangu, angenishinda. Nikangoja ibada iishe, nikaimba ili niwe na watu." Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa anasali tu. Alisali kweli, lakini alikuwa vitani.

Sasa wajukuu wangu wanabeba majani kila Krismasi, na mdogo kuliko wote ndiye anayetandika. Mke wa mwanangu, anayekaa Nzuguni mjini, analalamika viatu vya watoto vinachafuka. Mwaka jana akaja na mti wa plastiki wenye taa za kuwaka na kuzima. Nikamwambia mti mzuri, upeleke zizini. Shule nimeishia darasa la pili, kwa hiyo Biblia anasoma mjukuu. Kuimba naimba mwenyewe, na sipunguzi sauti kwa ajili ya mtu.

Nina shamba la zabibu Hombolo. Nina nyumba ya matofali yenye bati jipya, ng'ombe, mbuzi, pikipiki moja na cherehani moja. Nina watoto watano, na wote wamekulia kwangu.