Senti za Kungoja Meli

Miaka kumi na miwili Aidarus wa Kibokoni alishona midomo ya magunia ya kahawa katika bohari la tajiri mmoja, na kwa shazia, sindano ile kubwa ya magunia, hakuna aliyemfikia. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ila kijicho chake kilikuwa chepesi zaidi.

Kilichomkereketa ni jirani yake Ngumbao, kuli wa bandarini mwenye beji ya shaba. Siku isiyo na meli, Ngumbao alikwenda asubuhi akaonyesha beji, akaandikwa, akarudi kwake na nusu ya ujira. Za kungoja, wenyewe wakiziita. Aidarus akirudi kula adhuhuri, humkuta barazani amekwisha koga, anakunywa kahawa.

"Yuwalipwa kwa kukaa!" alimlalamikia mkewe, Mejumaa. "Nami vidole vyanitoka damu kwa shilingi tano!"

"Mume wangu, riziki yake haikuziba yako."

Hasidi hana sababu. Kila sala Aidarus aliomba senti zile zikatike.

Mwaka wa pili baada ya uhuru zikakatika kweli. Amri ilitoka kwamba asiye na meli hana malipo. Aidarus alifurahi, tena alifurahi bila haya. Alinunua ratili nzima ya halua akaipeleka barazani, akasema ni sadaka ya marehemu mamake. Ngumbao naye alikula, akamwombea marehemu rehema.

Jumatatu, mlangoni mwa bohari walisimama makuli kumi na watano wakitafuta kazi, Ngumbao mbele yao.

"Kuanzia leo ujira ni shilingi tatu," tajiri aliwatangazia wote, wageni na wenyeji.

"Mimi ni fundi, tajiri!" Aidarus alipaza sauti.

"Najua. Tano nalikuwa nikitoa kwa kuwa hawa hawakukubali chini yake. Walikuwa na zao za kungoja. Sasa hawana. Wazitaka tatu, huzitaki?"

Ngumbao alimsogelea polepole. "Niwie radhi, Bwana Aidarus. Watoto hawajui kwamba meli haikuja."

Aidarus aliikumbuka halua ya juzi, na bado alimchukia.

Alizikubali tatu. Kesho yake alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri, akasimama wa kwanza mlangoni, mgongo wake kwa Ngumbao, asije akamtangulia.